Ngome ya Tioram: ijengwe upya au ibaki gofu?

Mwaka 1715 Allan Macdonald, chifu wa ukoo wa Clanranald, aliamuru ngome yake mwenyewe ichomwe moto. Alikuwa akienda kujiunga na uasi wa Jacobite, yaani wafuasi waliotaka kurudisha ufalme kwa ukoo wa Stuart, na hakutaka askari wa serikali waje kuikalia. Novemba mwaka huohuo akauawa katika mapigano ya Sheriffmuir. Castle Tioram, kwenye kisiwa kidogo ndani ya Loch Moidart, ghuba ya bahari magharibi mwa Uskoti, ambako watu huvuka kwa miguu maji yakipwa, imebaki gofu tangu hapo.

Ilipouzwa mwaka 1997, mnunuzi alitaka kuiezeka, aweke makazi na makumbusho ya ukoo, na kuifungulia umma nyakati fulani za mwaka. Halmashauri ya Highland iliafiki. Historic Scotland, iliyosimamia mambo ya kale, ikakataa, na hata baada ya uchunguzi wa hadhara uamuzi haukubadilika.

Wanaotaka ujenzi huitaja Eilean Donan. Ngome hiyo ilipigwa mizinga na manowari za serikali mwaka 1719, ikajengwa upya kati ya 1912 na 1932, na leo ni nadra kukosa picha yake kwenye kalenda za Uskoti. Wageni wanamiminika. Ila sehemu kubwa wanayoipiga picha, pamoja na daraja lenyewe, ni kazi ya karne ya 20, na wachache hujali kuuliza. Tioram bado ina kuta zake za kale. Ukipitisha mabomba na nyaya za umeme humo, unafuta ushahidi usiorudi. Na ule moto wa chifu nao ni historia; kwa nini tuufunike kwa paa jipya?

Kwa hoja hiyo ningesimama na waliokataa, isipokuwa jambo moja linanisumbua. Mwaka 2000, mvutano ukiwa haujaisha, sehemu ya ukuta wa kaskazini-magharibi iliporomoka. Gofu halikai lilivyo kwa sababu tu limekatazwa kuguswa. Mvua na upepo wa bahari havisomi hukumu. Kumkatalia mwenye fedha bila kusema nani atalipia chokaa na mafundi ni nusu ya uamuzi.

Mimi ningeruhusu paa juu ya mnara pekee, liwekwe kwa namna ya kuweza kuondolewa, na makazi ya mtu binafsi yasiwemo. Kwa masharti hayo huenda tajiri akajitoa, na hapo serikali ingelazimika kufungua mfuko wake.