Mifupa ya Bata Mzinga si Makombo

Mwaka jana, asubuhi ya tarehe 26 Desemba, niliingia jikoni mwa nyumba ninayopikia hapa Malindi nikakuta sinia kubwa limeoshwa linang'aa. Nikauliza mifupa ya bata mzinga iko wapi. Kijana anayenisaidia msimu wa wageni akanionyesha mlango wa nyuma. Kunguru walikuwa wamekwisha fika. Gofu zima la ndege aliyekuwa na kilo saba kabla ya kuingia oveni lilikuwa pipani juu ya maganda ya maembe: mgongo na nyama yake ya kahawia, shingo haijaguswa, mabawa yote mawili.

"Mama, yale si makombo tu?" akaniambia. "Nani angeyala?"

Sikumgombeza. Ndivyo alivyofundishwa, kwamba kikishaondoka mezani ni taka. Lakini neno lile lilishinda nami kutwa nzima huku nikimenya viazi, na hadi leo halijanitoka. Makombo.

Sisi watu wa pwani tuna maneno yetu ya chakula kilichobaki, na hayalingani. Makombo ni kile kilichosalia sahanini baada ya mtu kula, mfupa uliokwisha pita mdomoni, tonge lililoumwa. Mwiku ni kitu kingine. Mwiku ni chakula kilicholala chunguni bila kuguswa, na wali mwiku na mchuzi wa jana ni chakula cha asubuhi cha watu wenye heshima zao. Hakuna mtu Malindi anayeona haya kula mwiku nyumbani kwake. Sasa bata mzinga aliyekatwa kidari na mapaja jikoni, nyama ikapelekwa mezani, gofu likabaki kwangu kwenye ubao, hilo limekuwaje makombo? Halikuguswa na mdomo wa mtu. Ni mwiku, tena mwiku wa ndege wa bei ghali.

Kanuni yangu ni hii, na siivunji. Nyama naikata mwenyewe jikoni, na mifupa inabaki kwenye beseni langu. Mfupa uliorudi kwenye sahani ya mgeni hauingii sufuriani mwangu. Najua wapo watakaosema ukichemshwa saa tatu hakuna kitakachobaki juu yake. Huenda. Lakini sitaki kumpa mtu supu ambayo siwezi kumweleza ilikotoka.

Na ilikotoka ni pamoja na kisu. Bata mzinga wa nyumba hii tunamnunua hai kutoka kwa mfugaji wa upande wa Ganda, na anachinjwa hapahapa uani na Mwislamu, kwa sababu wengi tunaofanya kazi humu ni Waislamu na tulizungumza na mwenye nyumba tangu mwanzo. Ukipika ndege wa barafu kutoka dukani ambaye hujui alichinjwa vipi, uliza kabla ya kubeba mifupa nyumbani. Kwetu hilo ndilo swali la kwanza, kabla ya chumvi na pilipili.

Mwenyewe huyu ndege ni mgeni kila mahali. Asili yake ni Meksiko na nchi za Amerika ya Kaskazini. Waingereza wakampa jina la Uturuki, Waturuki wenyewe wanamwita hindi, Wareno wanamwita peru, na sisi tukamwita bata ingawa si bata. Marekani humla Alhamisi ya nne ya Novemba, sikukuu yao ya kushukuru, na huko kupika supu ya mifupa siku zinazofuata ni jambo la kawaida majumbani. Waitaliano nao, ambao Malindi tumeishi nao tangu miaka ya 1960 mitambo ya kurushia setilaiti ilipojengwa Ngomeni, wana supu yao nyepesi ya kuku au nyama wanayoiita brodo, na kuna mikoa kwao ambako Krismasi haijakamilika bila bakuli hiyo. Wenye chakula hiki hawatupi mifupa. Tunaoitupa ni sisi wapishi wao, sisi tuliolelewa kwa supu ya kongoro.

Hapo ndipo ninaposhindwa kuelewa. Kwato za ng'ombe tunazichoma, tunazikwangua, tunazichemsha usiku kucha, na mzazi aliyejifungua hupewa ile supu inayonata midomoni. Kichwa cha mbuzi hatukitupi. Kichwa cha kole au changu ndicho kinachogombewa. Mifupa ya bata mzinga ina ute uleule wa kongoro. Kwenye viungo, ngozi na gegedu kuna kitu ambacho kikipata maji ya moto kwa muda mrefu huyeyuka na kuwa jelatini, na hicho ndicho kinachofanya supu iwe nzito bila unga. Kuku wa kisasa wa wiki sita mifupa yake ni laini na supu yake nyepesi kama maji ya kunawia. Bata mzinga amekaa bandani miezi, amebeba mwili mzito, mifupa yake imekomaa. Na ya kuokwa ina faida nyingine, kwa sababu imekwisha pata rangi na harufu ya moto. Supu yake huwa kahawia ya dhahabu kabla hujatia hata chembe ya bizari.

Basi nieleze ninavyofanya.

Kwanza nakwangua tumboni. Ikiwa ndege alijazwa mkate na majani, vyote natoa, vikibaki hufanya supu iwe na tope na huchacha upesi. Sehemu iliyoungua ikawa nyeusi naikata, ina uchungu. Kisha navunja gofu kwa kisu kizito: mgongo vipande vitatu, mbavu nazitenga, shingo naikata kwenye maungo, mabawa nayafungua. Vunjeni, tafadhali. Sufuria nyingi za supu ninazoziona zimejaa maji kwa sababu mpishi aliliweka gofu zima likasimama kama jahazi lililopwelewa, akalazimika kulifunika kwa maji mara mbili ya yanayohitajika. Mifupa iliyovunjwa inalala chini. Maji yapite juu yake vidole viwili, basi. Kwa ndege wa kilo saba mimi hutumia kama lita nne.

Maji yawe baridi. Nakamulia nusu ndimu, natia kitunguu maji kilichokatwa nusu na ganda lake, kipande cha tangawizi nilichokiponda kwa mchi, chembe nne za kitunguu thomu, kijiti cha mdalasini, iliki mbili tatu, pilipili manga nzima. Chumvi sitii. Ndege ameshatiwa chumvi kabla ya kuokwa, na maji yatapungua motoni, kwa hiyo chumvi inayotosha sasa itakuwa nyingi baadaye.

Halafu moto. Mimi napendelea seredani, kwa sababu makaa yakishafifia yanakaa hapohapo kwa muda mrefu bila kunisumbua. Ikikaribia kuchemka povu la kijivu linapanda; naliengua kwa upawa mpaka lije jeupe. Kutoka hapo supu isichemke tena kwa fujo. Nataka kuona viputo vinapanda kimoja kimoja ukingoni mwa sufuria, sehemu ya katikati imetulia. Ikitokota kwa nguvu, mafuta yanavurugika ndani ya maji na supu inakuwa kama maji ya kufulia. Saa tatu. Nne zikipatikana ni bora. Sifuniki kabisa, naacha mwanya wa kidole, na sikorogi. Anayepita na mwiko mkononi namfukuza.

Nikiona mfupa wa shingo unaachana maungo wenyewe nikiubonyeza na upawa, najua imeiva. Nachuja kwa chujio lililotandikwa kitambaa cha melimeli, taratibu, bila kukamua. Nyama iliyong'ang'ania mgongoni naichambua kwa vidole ingali ya moto kiasi cha kuvumilika. Kwenye gofu ambalo kila mtu aliliona tupu, mimi hupata bakuli zima la nyama, na nyingine tamu kuliko ya kidari: yale mapande mawili madogo ya mviringo yaliyolala mgongoni, kila upande moja. Hayo yanaingia mdomoni mwangu hapohapo.

Kuhusu vidonge vya supu nitasema machache. Mtu amechemsha mifupa saa tatu, kisha anatia kidonge chenye chumvi na manjano. Kwa nini? Supu ikionekana haina ladha, iache ipungue robo saa nyingine, halafu tia chumvi na ndimu. Mara nyingi ilikuwa inataka ndimu.

Jambo la kutazamwa kwa makini ni joto letu. Desemba kaskazi imeshaanza, jikoni ni moto hata usiku, na gofu la ndege likiachwa mezani tangu chakula cha mchana mpaka wageni wamalize kahawa na mazungumzo, limekwisha haribika ijapokuwa halinuki. Nyama na mifupa iingie friji ndani ya saa mbili. Kwenye joto kali zaidi, hata saa moja ni nyingi. Supu vilevile. Miaka ya mwanzo niliwahi kuipua sufuria iliyojaa, nikaifunika vizuri, nikalala nikijua asubuhi nitaikuta salama. Niliikuta na povu juu na harufu ya kuchacha. Lita nne zikaenda kwenye mtaro, na nililia. Kifuniko kilikuwa kimeuzuia moto usitoke, supu ikakaa vuguvugu usiku kucha, na vuguvugu ndiyo hali ambayo vijidudu vinaipenda. Siku hizi naigawa kwenye vyombo vya kina kifupi na kuviweka ndani ya beseni la maji na barafu, ileile barafu inayouzwa kwa wachuuzi wa samaki, kisha friji. Hukaa siku tatu, nne mwisho, na kila ninapoipasha naichemsha mpaka itokote. Kwenye friza inakaa miezi.

Asubuhi yake ukifungua friji, utaona juu kumetanda mafuta ya manjano hafifu yaliyoganda. Yaondoe kwa kijiko uyaweke, ni ya kukaangia vitunguu vya pilau. Chini yake supu imeshikana. Ukilitikisa bakuli inatetemeka, na ukichota kijiko shimo linabaki wazi. Wengi wakiiona hivyo hudhani imeharibika. Hapo ndipo unapojua umeipika sawasawa.

Mifupa iliyochujwa usimpe paka wala mbwa. Ikishapikwa huvunjika vibanzi vyenye ncha vinavyoweza kumchoma koo na matumbo. Naifukia chini ya mgomba.

Lakini nirudi kwenye kuona haya, maana ndiko kulikoniandikisha yote haya. Shangazi yangu alinitangulia kwenye kazi hii. Alikuwa akipika katika nyumba moja ya wageni, na Krismasi alikuwa akibeba mifupa ndani ya kikapu, ameifunika kwa leso. Hakuiba. Mwenye nyumba alikuwa ameshamwambia aitupe. Jioni moja, langoni, kikapu kilifunguliwa mbele ya watu, mifupa ikamwagwa chini, akaulizwa kama kwake hawana chakula. Alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu. Aliiokota, akarudi nayo nyumbani bila neno, akaiosha na kuiosha tena, akapika. Mimi nilikuwa msichana, na nilikunywa supu ile nikiwa sijui lolote. Niliambiwa miaka mingi baadaye. Ninachokumbuka ni ladha, na muhogo uliokuwa umelainika mpaka unayeyuka ulimini, na shangazi ameketi kwenye mkeka bila kula, anatutazama.

Kwa hiyo nawaambia wapishi wenzangu wa Malindi, Watamu, Lamu, popote wageni wanapokula ndege huyu: ombeni mifupa mapema, kwa sauti, siku ya kupatana kazi. Msiifiche chini ya leso. Semeni, "Nyama ni yenu, gofu ni langu," na likubaliwe mbele ya mlinzi wa lango. Na ninyi wenye nyumba, mpishi akiuliza, msimwonee huruma. Haombi sadaka. Anaijua thamani ya kitu ambacho ninyi mmekipa mgongo. Mkitaka kukiweka kiwe chenu, kiwekeni, mpikiwe supu mnywe. Hapo sina neno. Kinachonichoma ni pipa.

Mwaka huu nimekwisha patana. Yule kijana nimempa kazi ya kuvunja mgongo wa ndege mwenyewe, na ndoo yangu ya kubebea ina mfuniko na jina langu ubavuni. Nyumbani nitaipasha supu ya jana yake mpaka itokote, nitie muhogo uliokatwa vipande vidogo, ukiiva niirudishie nyama niliyoichambua, dania, pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuliwa, na ndimu nikishaipua. Mkate wa mofa nitaununua njiani. Bakuli la kwanza ni la shangazi. Meno hana tena, lakini supu hii haitaki meno.