Mililita 35 na fundi wa upepo baharini

Mwongozo wa RenewableUK, chama cha sekta ya nishati mbadala Uingereza, ulipendekeza fundi wa mitambo ya upepo awe na uwezo wa kutumia angalau mililita 35 za oksijeni kwa dakika kwa kila kilo ya uzito wake. Asiyefika hapo huonekana mvivu.

Wanaoitetea namba hiyo wana hoja nzito. Katika Bahari ya Kaskazini fundi huvuka kutoka kwenye boti inayopanda na kushuka na mawimbi, akadaka ngazi ya chuma, akapanda na nguo za kujikinga na maji baridi. Ndani ya mnara ipo lifti, lakini lifti huharibika. Na mwenzake akizimia huko juu, yeye ndiye wa kumfunga kamba na kumteremsha. Hakuna ambulensi ya kuita.

Hilo halina ubishi. Shida ni jinsi hiyo 35 inavyopatikana.

Mara nyingi oksijeni yenyewe haipimwi. Mtu hupanda na kushuka kidaraja kwa kufuata mlio, mara 15 kwa dakika, na kila baada ya dakika mbili kasi huongezwa. Mapigo ya moyo yakifika asilimia 80 ya kiwango cha juu anasimamishwa, na jibu linakadiriwa. Na hicho kiwango cha juu? Ni 220 ukitoa umri. Wa miaka 50 anapewa 170, basi. Ila mioyo haijasoma hesabu hiyo: kupishana kwa mapigo 10 au 12 ni jambo la kawaida. Ambaye wake hufika 182 atasimamishwa kwenye 136 wakati asilimia 80 yake halisi ni karibu 146, kisha aandikiwe 33. Akiingia na wasiwasi, au kahawa mbili tumboni, ndiyo kabisa.

Sasa mweke pembeni yake anayetumia vidonge vya presha vile vinavyopunguza mapigo. Moyo wake unakwenda taratibu kwa sababu ya dawa, na asipoulizwa atatoka na alama nzuri kuliko pumzi aliyonayo. Huyu ndiye wa kuogopa kuwa naye mnarani.

Wanawake na mafundi wenye umri, ambao wastani wao uko chini zaidi, ndio wanaoangukia karibu na mstari, na hapo kosa dogo la hesabu humtoa mtu kazini. Kumpima upya kwa barakoa inayopima oksijeni anayotumia, au kumpandisha ngazi halisi na kumpa mwanasesere mzito amteremshe, ni gharama. Kumwandaa fundi mwingine mpaka aijue mitambo hiyo nako si bure.