Waindonesia wa The Hague na Suala la Uraia Pacha

Anayeishi The Hague, Uholanzi, hahitaji kusafiri ili awaone Waindonesia. Tangu nchi yao ilipojitangazia uhuru kutoka kwa Waholanzi mwaka 1945, wengi wamehamia huku, wakiwamo Wajava, watu wa kisiwa cha Java, ambao babu zao walipelekwa kufanya kazi katika mashamba ya Suriname, koloni la Waholanzi Amerika Kusini, kuanzia mwaka 1890, na wao wakavuka tena bahari wakati wa uhuru wa Suriname mwaka 1975. Mimi ni mtu wa Pemba, na karafuu zetu asili yake ni visiwa vya Maluku, huko huko kwao.

Jirani yangu Mjava alinialika kwenye arisan, ambao ni upatu kama wetu. Kina mama huchanga kiasi kilekile, majina huandikwa kwenye vikaratasi vilivyosokotwa, hutiwa ndani ya glasi na kutikiswa, na jina linaloruka nje ndilo linalochukua fedha. Kisha huliwa wali na tempe, yaani soya iliyochachushwa, ya kukaanga. Katika mji huu basi hufika kwa wakati na kazi haitegemei kujuana na mtu, lakini jirani hagongi mlango bila miadi, na mgonjwa hulala peke yake, jambo ambalo Pemba lingekuwa aibu ya ukoo mzima. Pale kwenye arisan nilijiona niko kwetu.

Inaniuma kwamba watu wanaotunza mila kwa bidii hii hulazimishwa kuchagua uraia mmoja. Sheria ya uraia ya Indonesia ya mwaka 2006 inawaruhusu baadhi ya watoto kuwa na uraia wa nchi mbili kwa muda, lakini mtu mzima anayechukua uraia mwingine kwa hiari hupoteza ule wa kuzaliwa, na hutakiwa kuiachia ardhi aliyoimiliki kwa hati kamili ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 2016 Rais Joko Widodo alimteua Archandra Tahar, mtaalamu wa mafuta aliyekuwa Marekani, kuwa waziri wa nishati, akamwondoa baada ya siku 20 hivi ilipojulikana kwamba alikuwa na pasipoti ya Marekani. Miezi miwili baadaye, suala la uraia likiwa limetatuliwa, alimrudisha kuwa naibu waziri wa wizara ileile.

Sisi Watanzania tunakielewa kisa hicho, kwa sababu sheria yetu nayo haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha. Wanaoupinga huhofia utiifu uliogawanyika, na kwa mtu anayeshika siri za dola hofu hiyo ina msingi. Lakini muuguzi anayefanya kazi Uholanzi na kumjengea mama yake nyumba Wete au Yogyakarta hashiki siri yoyote. Kenya, katika Katiba ya mwaka 2010, iliruhusu uraia pacha kwa wananchi na kuwazuia, kwa jumla, maofisa wa dola na wanajeshi. Dodoma na Jakarta zinaweza kuandika sheria ya namna hiyo.