Wati nyingi hazivuki mlima, tuwekeeni ripita juu ya ziwa

Niseme wazi tu, huku Kigoma tunamwaga hela bure kwenye redio za upepo, hizi za kuitana ziwani, za wati kubwa. Mtu ana ya mkononi ya wati 5, haifiki, dukani wanamwambia chukua ya wati 10, anarudi ziwani tatizo liko palepale, kwasababu mawimbi ya VHF, yanayotumiwa na redio hizi, yananyooka, yakikutana na rasi au mlima ndo basi, na hata kwenye maji matupu mviringo wa dunia unayakata. Mitumbwi miwili, antena ziko mita moja na nusu juu ya maji, mtaishia kilomita 10 hivi, sasa hapo wati zikusaidie nini?

Kinachosaidia ni kimo. Ripita inakaa juu mlimani, inasikiliza kwenye masafa fulani na hapohapo inarusha sauti ileile kwenye masafa mengine. Antena ikiwa mita 300 juu ya ziwa, na milima ya hivyo tunayo tele, mtumbwi ulioko kilomita 70 inaupata kama hakuna kilima kinachoukinga, kwahiyo aliyeko upande wa Gombe anaongea na aliyeshuka kusini bila shida. Wavuvi wa dagaa wanakesha huko, injini ikizima na upepo umeamka simu nayo haina mtandao, huyo anamwita nani?

Ila ifungwe na mtu anayejua. Kuna duplexa, ile mikebe ya chuma inayotenganisha kurusha na kupokea, watu wakibana bajeti ndo wanaanza kuikata hiyo. Antena ni moja na kazi zote mbili zinafanyika kwa wakati mmoja, bila duplexa ripita inajiziba masikio kwa mawimbi yake yenyewe na mtumbwi wa mbali hausikiki kabisa. Radi za huku pia mnazijua, waya wa ethi usiwe wa kubahatisha jamani.

Mimi naona BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo, na wenye boti wachange pamoja, halmashauri iongezee, masafa yaombewe kibali TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iwekwe sola na betri za kutosha. Na kila redio ibaki na chaneli moja ya moja kwa moja isiyopitia ripita, kule juu betri ikifa usiku mtumbwi wa karibu bado ukusikie.