Usigawe kwa Siku Thelathini

Jumapili iliyopita mdogo wangu aliniletea risiti za jimu anayokwenda, akaniomba nimsaidie kuamua kama alipie mwezi wa nne wa uanachama. Kiingilio cha uanachama kilikuwa shilingi 50,000 na ada ya kila mwezi ni 120,000, ilhali asiye mwanachama hulipa 8,000 kila anapoingia. Nilipomuuliza kwa nini alichagua uanachama, alinijibu: "Dada, pale mapokezi waliniambia ni elfu nne tu kwa siku. Nusu ya bei ya mlangoni." Jibu hilo limeniuma wiki nzima, na simlaumu yeye, nailaumu hesabu aliyofanyiwa.

Ni kweli kwamba 120,000 ukiigawa kwa 30 unapata 4,000. Lakini hiyo 30 ni idadi ya siku za mwezi, na mdogo wangu hatumii mashine za mazoezi kila siku ya mwezi. Tukiita x idadi ya mara anazoingia kwa mwezi, ada hiyo inamfaa pale tu ambapo 8,000x > 120,000, yaani x > 15. Akienda mara 15 kamili, njia zote mbili ni sawa; akienda mara 14, tayari ametoa 8,000 bila kupata kitu. Na hapo kiingilio bado hakijahesabiwa. Kwa miezi mitatu amelipa jumla ya 410,000, kwa hiyo, tukiita n idadi ya mara alizoingia kwa miezi yote mitatu, alihitaji 8,000n > 410,000, yaani n > 51.25, na kwa kuwa hakuna anayeingia jimu robo ya safari, alipaswa kwenda angalau mara 52, zaidi ya mara 17 kila mwezi. Tuliketi tukahesabu siku alizokwenda kweli: mwezi wa kwanza mara 11, wa pili 6, wa tatu 2. Jumla ni 19. Angelipa mlangoni angetumia 152,000. Tofauti ya 258,000 inazidi kodi ya miezi mitatu ya chumba anachopanga.

Ninachotaka kukisema kwa nguvu zangu zote ni kwamba uzito wa hesabu hii umo ndani ya x. Kugawa 120,000 kwa 8,000 mtoto wa shule ya msingi anaweza. Kazi ngumu ni kuweka upande wa pili idadi ya kweli, iliyotoka katika miezi iliyopita, wala si idadi tunayojitakia siku tunapojaza fomu. Siku ile kila mmoja wetu huamini ataamka alfajiri. Watafiti Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walichapisha mwaka 2006 uchunguzi wa wanachama wa jimu tatu za Marekani, wakakuta kwamba waliochagua ada ya mwezi ya zaidi ya dola 70 walihudhuria kwa wastani mara 4.3 tu kwa mwezi. Kila hudhurio liliwagharimu zaidi ya dola 17, na huku kadi ya kuingia mara 10 ingewapa bei ya dola 10 kwa kila hudhurio. Walihitaji x izidi 7, na hawakuifikia.

Sisi tuliosoma shule za serikali hapa Tanzania tulizitatua hesabu za aina hii sekondari, kwa Kiingereza, baada ya kujifunza hesabu kwa Kiswahili shule nzima ya msingi. Tulikariri kwamba ukigawa kwa namba hasi alama ya "kubwa kuliko" inageuka, tukaiogopa kanuni hiyo mno, na hakuna aliyetuonyesha kwamba kwenye bei za jimu namba hasi haimo kabisa na kwamba alama ile ile inalinda mfuko wetu. Nawaomba walimu wa hisabati waanze somo hilo kwa ubao wa bei wa mahali wanafunzi wanapopajua. Vifurushi vya simu vinapimwa vivyo hivyo.

Nakubali, ingawa si kwa moyo mweupe, kwamba wapo ambao kadi iliyolipiwa huwasukuma kutoka nyumbani, na kwamba mtu anayekwenda mara tano kwa wiki atapita 15 bila shida. Mtu huyo alipe ada na asisikilize maneno yangu.

Mdogo wangu ana nafasi Jumanne na Alhamisi tu. Hata mwezi uwe na Jumanne tano na Alhamisi tano, hizo ni mara 10, shilingi 80,000, na 80,000 < 120,000. Alhamisi hii alikwenda, akalipa 8,000 mlangoni.