Gita Lisilo na Maneno

Ukienda kwenye taarab Unguja utaiona saa ile. Wapigaji wanaanza bashraf, kile kipande cha kufungulia kisicho na maneno; udi na ganuni zinapokezana, fidla zinajibu, na ukumbini watu bado wanatafuta viti, wanaamkiana, wanaulizana hali za watoto. Akisimama mwimbaji ndipo kimya kinaingia. Pesa za kutunza zinamwendea yeye. Mpiga udi aliyeubeba wimbo tangu mwanzo anarudi kwake, na mtaa wa pili hawamjui jina.

Jambo hili linaniuma, na tangu nimjue Agustín Barrios linaniuma zaidi.

Barrios alizaliwa Paraguay mwaka 1885, akawa mpiga gita la kiklasiki na mtunzi. Miaka na miaka alizunguka nchi za Amerika ya Kusini na gita lake, hana mwimbaji, hana kikundi, na watu wakakaa kumsikiliza. Nyuzi zake zilikuwa za chuma wakati wenzake wa fani hiyo wakitumia za utumbo, na wapo waliomdharau kwa hilo tu. (Mwenye nyuzi za chuma hapa kwetu anajua hewa ya bahari inavyozitia kutu. Mimi nazifuta kwa kitambaa kikavu kila nikimaliza kupiga.)

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alianza kupanda jukwaani kwa jina la Nitsuga Mangoré. Nitsuga ni Agustín likisomwa kinyumenyume. Alivaa manyoya kama chifu wa Waguarani, wenyeji wa asili wa nchi yake. Wapo wanaomcheka kwa manyoya yale. Mimi namwonea uchungu, kwa sababu namwona mtu mwenye muziki mkubwa mikononi, anayejua kuwa asipowapa watu kitu cha kutazama, wengi hawatakuja kusikiliza. Wapigaji wetu wanaopiga mahotelini wageni wakila chakula cha usiku wanalijua hilo vizuri. Kanzu na kofia zinapigwa picha. Ni nadra mtu kuuliza kipande kile kimetungwa na nani.

Najua nitakavyojibiwa: sisi ni watu wa mashairi, na taarab ni maneno na mafumbo yake. Ni kweli, na mimi mwenyewe nimekulia humo. Siti binti Saad alitufikisha mbali kwa sauti na maneno, na sitaki kumpunguzia mtu heshima yake. Ninachokataa ni ile dhana kwamba ala ikiachwa peke yake haina la kusema. Sikiliza "La Catedral" ya Barrios. Sehemu mbili aliziandika 1921, na ile ya kufungulia akaiongeza 1938, miaka kumi na saba baadaye. Mtu mmoja, nyuzi sita, na unahisi umeingia ndani ya jengo lenye dari refu, kisha umetoka nje kwenye msongamano wa watu.

Chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi kipo hapa tangu 2002, na vijana wanajifunza udi, ganuni na fidla, tena kwa nota. Basi tuwape usiku mmoja Ngome Kongwe bila mwimbaji. Watu wakae. Bashraf ianze na kila mtu yuko kwenye kiti chake.

Kazi ya mwisho ya Barrios ndiyo niipendayo kuliko zote. Inasimuliwa kwamba akiwa San Salvador, mji mkuu wa El Salvador, ambako alikuwa akifundisha, bibi kizee alikuja kubisha mlangoni akiomba sadaka kwa ajili ya Mungu. Barrios akautia ule mbisho ndani ya muziki. Gumba linagonga nyuzi za chini, na vidole vitatu vinapokezana kwenye uzi mmoja wa juu, haraka, mpaka sauti inatetema kama ya mtu mzima anayeomba. Kipande kikapewa jina la maneno yake yule bibi. Barrios akafariki tarehe 7 Agosti mwaka ule ule, 1944. Kilimvuka mpaka leo kwa sababu wapo waliokiandika na wapo waliokipiga. Mpiga gita la kiklasiki John Williams aliporekodi sahani nzima ya kazi za Barrios mwaka 1977, walimwengu wengi ndipo walipomjua.

Kilinichukua miezi minane kukipata, na bado gumba langu ni zito. Ijumaa moja asubuhi nilikipiga nyumbani Mkunazini. Bibi yangu alikuwa ukumbini anachambua mchele. Sikumwambia jina la kipande wala kisa chake, na yeye gita hana habari nalo. Nilipofika katikati aliuweka ungo chini, akageuza uso.

"Baba, hebu acha kidogo ukatazame mlangoni. Mtu anabisha hodi muda mrefu."