Wewe Mwenyewe Ulipaka?

Juzi jioni nimemwona tena kwenye simu, yule dada anayetangaza vipodozi mtandaoni. Kasimama Capri Point, hapa Mwanza, ziwa nyuma yake, mkononi kashika kikopo kilekile cha krimu cha mwaka jana, anasema, "Wapenzi wangu, hii mimi mwenyewe natumia." Nikazima simu. Mkono ulikuwa unatetemeka.

Wifi yangu anaanika dagaa kwenye mwalo wa Igombe, ufukweni wanaposhushia samaki. Kazi ile ina mapumziko yake: kukiwa na mbalamwezi mitumbwi haiingii ziwani, kwa sababu dagaa hufuata taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti. Siku hizo akina mama wa mwaloni wanashinda na simu. Ndipo wifi alipomjua huyo dada. Krimu haikuwepo bado. Kilichomvuta ni siku dada yule alipofiwa na mama yake akajirekodi analia, bila vipodozi, bila muziki. Wifi naye alikuwa amemzika mama yake mwaka huohuo. Akamwandikia pole, akamweleza msiba wake, akajibiwa kwa jina lake. Tangu siku hiyo, pale nyumbani yule mtu akawa anaitwa "dada yetu".

Miezi michache baadaye dada yetu akaleta krimu ya kung'arisha uso. Wifi akatuma Sh35,000.

Wiki mbili za kwanza aling'aa kweli. Kisha mashavu yakaanza kuwaka, yakachubuka, yakaacha mabaka meusi. Kikopo hakikuwa na orodha ya viambato. Daktari alishuku haidrokwinoni, kemikali iliyopigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini. Inazuia ngozi kutengeneza melanini, ile rangi yetu inayotukinga na jua. Sasa fikiria mtu anayeshinda juani, nyuzi zisizofika 3 kutoka ikweta, anageuza dagaa huku maji yanamrudishia mwanga usoni, halafu unamvua kinga yake. Dada yetu hajui jua la mwaloni. Yeye anajirekodi chumbani, mbele ya taa ya duara, na filta juu yake.

Pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba hakuna anayenunua gunia la dagaa kwa macho. Mnunuzi anazamisha mkono mpaka chini, anatoa kiganja, anatafuna mmoja, anasikilizia mchanga kwenye meno. Muuzaji hachukii, ndiyo desturi ya soko. Akikutwa kaweka juu dagaa walioanikwa kwenye chanja na chini walioanikwa mchangani, atatafuta wateja mpaka achoke. Mtandaoni hakuna pa kuzamisha mkono. Mtu anabaki na neno la msemaji tu, na ndiyo maana "mimi mwenyewe natumia" lina nguvu kuliko bango lolote la barabarani. Bango kila mtu anajua limelipiwa. Lakini huyu alilia mbele yetu! Machozi yale yalikuwa ya kweli, nayaamini mpaka leo, na imani iliyozaliwa siku ile ndiyo iliyopelekwa kwa mwenye krimu na kuuzwa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba nao watangazaji wa mtandaoni wanahitaji kula. Wapo waliowatangazia akina mama wa huku dagaa wa pakiti wakauza hadi Dar, na sina ugomvi nao. Kulipwa si kosa. Uingereza na Marekani aliyelipwa anatakiwa aseme wazi kwamba hili ni tangazo. Kwetu Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na tangu 2019 vipodozi vinasimamiwa na Shirika la Viwango, TBS. Lakini hakuna mkaguzi atakayekaa chumbani kwa kila mwenye simu. Kutamka "nimelipwa" kunachukua sekunde moja, na hiyo sekunde wifi yangu aliistahili.

Nilimwambia tumseme hadharani. Akakataa. "Labda mimi niliuziwa feki," akasema. "Yule hawezi kunidanganya, wifi. Alinijibu siku za msiba."

Nikaandika mwenyewe kwenye ukurasa wa dada yule: wewe mwenyewe ulipaka? Swali likafutwa. Nikaandika tena, likafutwa, nikazuiwa.

Jana usiku mwezi ulikuwa mpevu, mitumbwi yote iko nchi kavu. Nilimkuta wifi kibarazani, kajifunika kanga mpaka puani, anamtazama dada yetu kwenye simu.